Lugha ya taifa iliyoachwa nje ya darasa: kisa cha Kibislama nchini Vanuatu

Kifungu cha kwanza cha Ibara ya 3 ya Katiba ya Vanuatu kinasomeka kwa pumzi moja. Lugha ya taifa ni Kibislama. Lugha rasmi ni Kibislama, Kiingereza na Kifaransa. Lugha kuu za elimu ni Kiingereza na Kifaransa. Basi. Rudia kusoma polepole na utaona jina moja limedondoka katika orodha ya mwisho, nalo ndilo lililotangulia kutajwa. Lugha iliyopewa heshima ya kuwa ya taifa imeachwa nje ya mlango wa shule, na walioiacha hapo ni wanasiasa waliokuwa wakiitumia asubuhi na jioni kudai uhuru.

Ningependa kukichambua kisa hiki kwa sababu mara nyingi kinasimuliwa kama kituko, na mimi sioni kituko. Kila neno katika kifungu hicho lilikuwa na watu nyuma yake.

Vanuatu ni nchi ya visiwa vipatavyo 80, vilivyotawanyika katika Bahari ya Pasifiki kaskazini-mashariki mwa Australia. Sensa ya mwaka 2020 ilihesabu watu wapatao 300,000, pungufu ya wakazi wa wilaya nyingi za Tanzania. Wanaisimu wamehesabu huko lugha za asili 138. Gawanya, utapata wastani wa watu kama 2,000 kwa kila lugha. Tanzania ina lugha zaidi ya 120, lakini ina watu zaidi ya milioni 60 wa kuzigawana. Katika kisiwa kimoja tu cha Malakula kuna lugha zaidi ya 30, na mtu anaweza kutembea asubuhi moja akapita lugha mbili kabla jua halijawa kali.

Maelezo yanayotolewa haraka ni kwamba bahari na milima viliwatenga watu. Maelezo hayo hayatoshi. Wazee wa watu hawa walifika huko kwa mitumbwi miaka 3,000 hivi iliyopita, wakiwa na lugha moja au zilizokaribiana sana, za jamii ya Kiaustronesia, jamii ileile iliyovuka Bahari ya Hindi na kuzaa Kimalagasi. Watu wa mitumbwi hawatengwi na bahari. Bahari ndiyo barabara yao. Walibadilishana mikeka, fedha za makombe ya baharini na, juu ya yote, nguruwe dume waliofugwa miaka mingi mpaka meno yao yakapinda kuwa duara. Jino hilo la nguruwe leo limo kwenye bendera ya taifa. Walinunua hata haki ya kucheza ngoma ya kijiji kingine, na nyimbo zikahamia kwa watu wasiozielewa maneno yake. Mwanamke aliolewa kijiji cha jirani akaenda na lugha yake, na watoto wakakua na lugha ya baba, ya mama na ya wajomba.

Kwa maneno mengine, walikutana sana, na bado kila kijiji kikataka kusikika tofauti. Hakukuwa na mfalme wa kuwaburuta wote kwenye lugha ya ikulu yake. Kijiji kidogo kilijiona sawa na kikubwa, na lugha ilikuwa kama alama ya shamba: hapa ni kwetu. Walipohitaji kuelewana, walijifunza lugha ya jirani, naye ya kwao. Katika visiwa vya kati na kaskazini walikuwa na njia nyingine inayonivutia sana, ya kuchora mchangani kwa kidole kimoja, mstari mmoja usiokatika unaojizungusha mpaka unazaa kasa, au ua, au hadithi nzima. Jamii za lugha zipatazo 80 zilishiriki utamaduni huo wa michoro, na UNESCO imeutambua kuwa urithi wa binadamu.

Mfumo huo ulifanya kazi kwa jirani na jirani wa jirani. Ulishindwa pale mtu wa kisiwa cha Tanna alipojikuta amelala kwenye kitanda cha mbao pembeni ya mtu wa Malakula na mwingine wa visiwa vya Banks, mbali sana na nyumbani. Hapo ndipo Kibislama kinapoingia.

Biashara ya kwanza ilikuwa ya msandali, mti wenye harufu ambao wanawake wa pwani yetu wanaujua kwa jina la liwa. Mwaka 1825 nahodha Peter Dillon aliukuta msandali katika kisiwa cha Erromango, na baada ya muda meli zikawa zinakuja kuukata na kuupeleka China, ambako ulichomwa kama ubani. Ikafuata biashara ya majongoo bahari, ambayo pia yalikwenda China, kama yanavyokwenda hadi leo yale yanayookotwa Unguja na Pemba. Wafanyabiashara waliita kiumbe huyo kwa jina la Kifaransa, bêche-de-mer, na lugha ya kukorogakoroga iliyozungumzwa kwenye vituo vya kumkausha ikaitwa kwa jina hilohilo. Limetamkwa na kutafunwa vizazi kadhaa mpaka likawa Bislama. Nchi nzima, basi, inaimba wimbo wa taifa kwa lugha yenye jina la jongoo bahari. Sijui taifa jingine lenye jina la lugha nyenyekevu kiasi hicho.

Lakini jongoo na msandali vilitoa maneno tu. Lugha yenyewe ilipikwa kwenye mashamba ya miwa. Mwezi Agosti mwaka 1863 meli iitwayo Don Juan iliteremsha watu 67 wa visiwani mjini Brisbane, Australia, kwa ajili ya shamba la pamba la Robert Towns. Huo ulikuwa mwanzo. Kwa miaka 40 iliyofuata, mikataba ya kazi ipatayo 62,000 iliwapeleka watu wa visiwa vya Pasifiki katika jimbo hilo la Queensland, na sehemu kubwa kuliko zote ilitoka katika visiwa ambavyo leo ni Vanuatu. Wengine walikwenda Fiji, Samoa na Kaledonia Mpya. Wapo waliotekwa waziwazi, wapo waliodanganywa, na wapo waliopanda meli kwa hiari, wakarudi, wakapanda tena. Kwa kawaida mkataba ulikuwa wa miaka mitatu. Miaka mitatu ya kukata miwa na watu ambao huelewi neno lao hata moja, chini ya mnyapara anayepiga kelele kwa Kiingereza.

Wakatengeneza lugha. Mabwana hawakuwafundisha, walichofanya wafanyakazi ni kuokota maneno ya Kiingereza yaliyokuwa yakirushwa juu ya vichwa vyao na kuyapanga kwa sarufi waliyotoka nayo nyumbani. Hilo ndilo jambo ambalo wakoloni hawakuliona, na baadhi ya wasomi wa Vanuatu wenyewe wamechelewa kuliona. Ukisikia *Woman ia i kam*, yaani mwanamke huyu amekuja, sikio la Mwingereza linasikia Kiingereza kilichovunjika. Sikio la Mswahili lingesikia jambo jingine. Neno *ia* limekaa baada ya nomino, kama tunavyosema mwanamke huyu, na ile *i* kabla ya kitenzi inafanya kazi inayofanana na kiambishi chetu cha nafsi. Wakiwa wengi, inageuka: *Ol woman oli kam*. Huyu *a-*, hawa *wa-*. Na ukisema *Mi kakae finis*, hujamaliza chakula tu. Umesema nimeshakula, kwa ujanja uleule uliotuzalia *-sha-* kutoka kwenye kwisha.

Kisha kuna suala la sisi. Kibislama kina *yumi*, yaani sisi pamoja na wewe ninayekwambia. Kina *mifala*, yaani sisi, wewe hayumo. Tukiwa wawili tu kuna *yumitu* na *mitufala*. Kiingereza hakina tofauti hiyo, wala Kifaransa, wala Kiswahili. Karibu kila lugha ya asili ya visiwa hivyo inayo. Wakata miwa walichukua maneno ya bwana wakayatumia kusema jambo ambalo bwana asingeweza kulisema.

Mwanzoni mwa karne ya 20 Australia iliamua kuwa nchi ya weupe, na kati ya mwaka 1906 na 1908 ikawarudisha kwao maelfu ya wafanyakazi hao. Walishuka pwani na masanduku, bunduki na lugha. Kwa miongo kadhaa ilibaki lugha ya wanaume, kwa kuwa wanaume ndio waliosafiri. Wanawake waliipata baadaye, kwenye mashamba ya minazi, kwenye miji, makanisani. Leo ukisikia Kibislama kinatiririka katika soko la mji mkuu, Port Vila, katikati ya majimbi, viazi vikuu na ndizi, wengi wa wanaokizungumza ni akina mama walioketi nyuma ya meza. *Hemia hamas?* Hii bei gani? Biashara imekwisha, na hakuna aliyelazimika kusema anatoka kisiwa gani.

Nimesema hakuna aliyelazimika, na hapo ndipo ninapoona kiini cha kisa chote. Kibislama hakikuwa na wenyewe. Kiswahili kilipopanda bara kilikuwa na watu wa pwani nyuma yake, wenye miji, mashairi na majivuno yao, na hadi leo kuna anayesahihishwa kwamba kwetu hatusemi hivyo. Kibislama hakikuwa na Lamu wala Mvita. Kukizungumza hakukumaanisha umewakubali watu wa kisiwa fulani kuwa wakubwa wako.

Lugha iliyokuwa na wenyewe ilijaribiwa, tena kwa nguvu. Misheni ya Kianglikana ilichagua Kimota, lugha ya kisiwa kidogo cha Mota katika kundi la Banks, ikaifanya lugha ya shule na ibada tangu miaka ya 1860. Wanafunzi kutoka visiwa vingi, hata vya Solomon, walipelekwa chuoni katika kisiwa cha Norfolk wakasomeshwa kwa Kimota. Ilikuwa na sarufi iliyochapishwa, vitabu vya sala, maaskofu. Kila kitu ambacho Kibislama hakikuwa nacho. Mwaka 1931 misheni ikahamia Kiingereza, na leo Kimota kina wazungumzaji mia kadhaa, wengi wao kisiwani kwao. Kilikuwa lugha ya kanisa moja, wakati kusini walikuwapo Wapresbiteri na kwingineko Wakatoliki. Na shambani, kwenye mshahara na duka, Kimota hakikununua hata kiberiti.

Mwaka huohuo wa 1906 ambao Queensland ilianza kuwarudisha watu, Uingereza na Ufaransa zilikubaliana kuvitawala visiwa hivi kwa ubia. Si kugawana, bali wote wawili kwa pamoja, kila mmoja na kamishna wake, polisi wake, magereza yake, shule zake na hospitali zake. Rais wa mahakama ya pamoja aliteuliwa na mfalme wa Hispania, ili asiwe wa upande wowote. Mgeni aliyehamia alichagua sheria ya nani imhusu. Wenyeji hawakuchagua, hawakuwa raia wa Uingereza wala wa Ufaransa, na kisheria hawakuwa raia wa popote. Watu waliupachika utawala huo majina ya kejeli, lakini kejeli zinaficha jambo moja zito: nchi ya lugha zaidi ya 130 iliongezewa ukuta mmoja mpya, kati ya waliosomeshwa kwa Kiingereza na waliosomeshwa kwa Kifaransa. Ukuta huo ulipita katikati ya vijiji, wakati mwingine katikati ya familia. Mmoja alikuwa Mpresbiteri wa Kiingereza, binamu yake Mkatoliki wa Kifaransa.

Siasa za miaka ya 1970 zilifuata ukuta huo. Chama kilichokuja kuitwa Vanua'aku Pati kiliongozwa zaidi na waliosoma kwa Kiingereza, wengi wao watu wa makanisa ya Kiprotestanti. Kiongozi wake, Walter Lini, alikuwa kasisi wa Kianglikana kutoka kisiwa cha Pentecost. Kilitaka uhuru upesi. Waliosoma kwa Kifaransa walihofia uhuru utakaowaacha chini ya Kiingereza, na Ufaransa, iliyochelewa kujenga shule, ikawa inazijenga mbio mbio. Katika uchaguzi wa Novemba 1979 Vanua'aku Pati kilipata viti 26 kati ya 39.

Hebu rudi nyuma miezi michache kabla ya uchaguzi huo, fikiria umekaa kwenye meza ya kuandika katiba katika hali hiyo. Ukisema lugha ya taifa ni Kiingereza, umewaambia waliosoma Kifaransa kwamba wameshindwa. Ukisema Kifaransa, hupiti. Ukichukua lugha ya kisiwa, vingine vyote vinauliza kwa nini si chetu. Kampeni, za pande zote mbili, zilifanywa kwa Kibislama. Hata Jimmy Stevens, aliyeasi kule Espiritu Santo akitaka kisiwa kijitenge, aliwahutubia wafuasi wake kwa lugha hiyohiyo. Na askari wa Papua New Guinea walioitwa mwaka 1980 kuuzima uasi wake walikuja na Tok Pisin yao, ndugu wa damu wa Kibislama. Tarehe 30 Julai 1980 nchi ikawa huru, na wimbo wake wa taifa ukaanza na neno *yumi*, likirudiwa. Si *mifala*. Mtunzi alijua anachagua nini.

Sasa kwa nini shule ikaachwa?

Sababu zilizotolewa, na ambazo bado zinatolewa, ni tatu au nne. Kwamba Kibislama hakina msamiati wa sayansi. Kwamba tahajia yake haijatulia. Kwamba kitawachanganya watoto wanaojifunza Kiingereza kwa kuwa maneno yanafanana. Kwamba mzazi hapeleki mtoto shule akajifunze anachokijua tayari. Hii ya mwisho naiheshimu, kwa sababu ndiyo inayosemwa na mzazi anayelipa ada, na Mtanzania au Mkenya hahitaji kuelezwa maana yake. Nyingine zina majibu. Msamiati hukua lugha ikipewa kazi. Tahajia hutulia watu wakifundishwa kuandika. Hoja ya kuchanganya Kiingereza haielezi kwa nini shule za Kifaransa nazo zilikikataza, hata uwanjani wakati wa mapumziko.

Mimi naona sababu halisi haikuwa ndani ya Kibislama hata kidogo. Mwaka 1980 kulikuwa na mifumo miwili kamili ya shule: walimu wawili, mitaala miwili, vitabu viwili, wafadhili wawili. Kuweka lugha moja darasani kungelazimisha mifumo hiyo iungane, na mtu angeuliza ni walimu wa upande upi watakaobaki. Kuandika lugha zote mbili za kikoloni kwenye katiba kulimhakikishia kila mmoja kiti chake. Kibislama hakikuwa na walimu wa kukilinda, hakikuwa na ubalozi, hakikuwa na kisiwa. Kule sokoni kutokuwa na mwenyewe kulikuwa ndiyo nguvu yake. Kwenye mgawanyo wa bajeti, asiye na mwenyewe hapewi fungu. Neno moja katika Ibara ya 3 lilinunua umoja, na kukosekana kwake sentensi mbili baadaye kulikuwa sehemu ya bei.

Matokeo yake yanaonekana hadi leo. Nchi yenye watu wachache kuliko jiji la Mwanza inabeba gharama za shule za Kiingereza na shule za Kifaransa, wakati mwingine zikitazamana kijiji kimoja. Zipo familia zinazocheza salama kwa kumpeleka mtoto mmoja huku na mwingine kule. Chuo kikuu cha taifa, kilichoanzishwa miaka ya karibuni, hufundisha kwa lugha hizo mbili. Bungeni, wabunge waliopita mifumo hiyo miwili hujadiliana kwa Kibislama. Redio ya taifa hutangaza zaidi kwa Kibislama. Matangazo ya kimbunga, ya chanjo, ya uchaguzi: Kibislama. Kwenye simu na Facebook watu huandika Kibislama kutwa nzima, kila mmoja na tahajia yake, na wanaelewana. Taifa zima linaandika lugha ambayo wengi wao hawakuwahi kuandikiwa ubaoni.

Haitakuwa haki nikikisifia bila kusema kinachokula. Kifungu cha pili cha Ibara ya 3 kinaiagiza Jamhuri izilinde lugha za asili, na kijijini nyingi bado ziko hai. Mjini mambo ni mengine. Kijana wa kisiwa cha Ambrym akimwoa binti wa Tanna na kupanga chumba Port Vila, watoto wao wanazaliwa ndani ya Kibislama. Zamani mtoto wa ndoa ya namna hiyo angekua na lugha mbili au tatu za asili. Sasa anakua na moja, isiyo ya baba wala ya mama. Erromango, kilekile cha msandali, kiliwahi kuwa na lugha kadhaa. Magonjwa yaliyoletwa na meli yalifagia watu, waliobaki wakakusanyika kwenye lugha moja, Kisye. Huko muuaji alikuwa surua na ndugu zake. Port Vila muuaji ni urahisi, na urahisi haupigwi vita na mtu.

Mwaka 2012 serikali ilipitisha sera mpya: miaka ya mwanzo ya shule ifundishwe kwa lugha ya mahali pale au kwa Kibislama, kisha mtoto ahamie Kiingereza au Kifaransa. Kijijini ambako wote wana lugha moja na mwalimu ni mwenyeji, mambo yanawezekana. Pagumu ni pale mwalimu amepangiwa kisiwa kisicho chake, au darasa la mjini lenye watoto wa visiwa kumi. Hapo kinachobaki ni Kibislama. Hakuna aliyebadilisha Katiba. Kimeingia darasani kwa njia kiliyoingilia kila mahali pengine, kwa kuwa waliokuwamo chumbani hawakuwa na kingine cha kushirikiana.

Kinakaa humo miaka michache tu. Mtoto aliyechelewa kwa sababu ya mvua humweleza mwalimu kwamba *mifala*, sisi wa njia ya mtoni, wewe mwalimu hukuwamo, tulikwama. Akihamia Kifaransa anafundishwa kusema *nous*, na kama shule ni ile ya ng'ambo ya barabara, *we*. Atauliza: sisi yupi?